Usafi wa watoto madrasani: Tuhesabu kabla ya kuhukumu



Ndugu msomaji, watoto wakianza kuharisha madrasani, kamati hukaa kikao. Mmoja husema tatizo ni choo. Wa pili husema ni maji ya kisima. Wa tatu anawalaumu wauza embe na barafu walioko getini. Kila mmoja anao mfano wa mtoto wake au wa jirani yake, na mwisho fedha za sadaka zinakwenda kwa aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wenzake. Fedha hizo ni amana. Na kuharisha si jambo la mzaha, kwani ni miongoni mwa maradhi yanayoua watoto wengi wa chini ya miaka mitano duniani. Mwanafunzi wa miaka kumi anaweza kupona kwa siku mbili, lakini vijidudu anavipeleka nyumbani kwa mdogo wake anayetambaa.

Dawa ya ubishi huu ni kuwauliza watoto wenyewe, kisha kuhesabu majibu yao kwa uadilifu. Jambo hili si geni. Shirika la Afya Duniani (WHO) likishirikiana na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC) lilianzisha uchunguzi wa afya za wanafunzi mashuleni. Kenya na Uganda ziliufanya mwaka 2003, na Dar es Salaam mwaka 2006. Mwanafunzi hujaza karatasi mwenyewe, bila kuandika jina, na miongoni mwa maswali ni kuhusu kunawa mikono kabla ya kula, baada ya choo na kwa sabuni. Madrasa yenye kompyuta moja na programu ya Excel inaweza kufanya uchunguzi wake mdogo kwa njia hiyo hiyo.

Maswali yawe ya wazi

Ukimuuliza mtoto wa madrasa, "Je, unanawa mikono?" atajibu ndiyo, wala hasemi uongo. Anatawadha kila siku. Lakini udhu ni twahara kwa ajili ya ibada, na mikono iliyotoka kustanji inahitaji sabuni ili vijidudu viondoke. Basi uliza hivi: "Mara ya mwisho ulipotoka choo cha madrasa, ulinawa kwa sabuni?" Kama hakunawa, muulize sababu. Kisha uliza: "Katika wiki mbili zilizopita, uliharisha?" Mweleze kwamba sisi matabibu tunaita kuharisha pale mtu anapopata choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku moja. Mwisho, uliza alikosa masomo siku ngapi.

Ustadh wa darasa asisimame juu ya kichwa cha mtoto wakati anajibu, maana atapewa jibu la kumfurahisha. Jina lisiandikwe. Wazazi waelezwe mapema, na asiyetaka mtoto wake ahojiwe asilazimishwe.

Kuingiza kwenye kompyuta

Kila mtoto apewe mstari wake mmoja, na kila swali safu yake. Safu A namba ya karatasi, B umri, C jinsia, D sabuni, E sababu ya kutonawa, F kuharisha, G siku alizokosa. Kwa ndiyo andika 1, kwa hapana andika 0. Ambaye hakujibu, kisanduku chake kiachwe kitupu. Usimwandikie 0, kwani kunyamaza si kusema hapana.

Tuchukue mfano wa kufundishia tu, wenye watoto 80 ambao wote wamejibu. Mstari wa kwanza ni wa vichwa, hivyo majibu yanaanza mstari wa 2 hadi wa 81. Ukiandika =COUNTIF(D2:D81,1) kompyuta itakuhesabia walionawa kwa sabuni. Tuseme ni 48, na wasionawa ni 32. Ukiandika =COUNTIFS(D2:D81,1,F2:F81,1) utapata walionawa na bado wakaharisha. Tuseme ni 6. Badilisha ile 1 ya kwanza iwe 0, upate wasionawa walioharisha. Tuseme ni 8.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Atasimama mtu aseme: "Sita na nane, tofauti iko wapi?" Mwambie agawanye. Sita katika 48 ni asilimia 12.5. Nane katika 32 ni asilimia 25. Wasionawa wameharisha mara mbili ya wenzao. Idadi ya wagonjwa peke yake haisemi kitu mpaka ujue wametoka katika kundi la watu wangapi. Kila unapotajiwa idadi ya wagonjwa, uliza: katika wangapi?

Wastani nao una hila zake. Tuseme katika wale wagonjwa 14, watano walikosa siku 1, watano siku 2, watatu siku 3, na mmoja alilazwa akakosa siku 18. Jumla ni siku 42, wastani siku 3. Lakini watoto kumi kati ya 14 hawakufikisha siku 3. Ni yule mmoja aliyeuvuta wastani juu. Kwa hiyo pamoja na AVERAGE tumia MEDIAN, ambayo inawapanga kuanzia mdogo hadi mkubwa na kukupa namba ya katikati. Hapa ni siku 2. Toa zote mbili, na yule mmoja mfuatilie nyumbani kwao.

Tusikimbilie hukumu

Je, mfano huu umethibitisha kwamba sabuni ndiyo iliyowakinga? Bado. Kwa watoto 80 tu, hata kama sabuni haina athari yoyote, bahati peke yake inaweza kuleta tofauti kubwa kama hii au zaidi takriban mara 15 katika 100. Pia huenda wanaonawa ndio wenye maji ya bomba majumbani mwao. Na kuna wale ambao hawakuwepo siku ya maswali. Tazameni daftari la mahudhurio, maana pengine waliokosekana ndio wagonjwa wenyewe.

Lakini kuhusu sabuni hatuanzi sifuri. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja kutoka nchi mbalimbali zimeonesha kwamba kuhimiza kunawa mikono hupunguza kuharisha kwa takriban asilimia 30. Kazi ya uchunguzi wetu ni kujua nani hanawi, na kwa nini.

Rudi basi kwenye safu E. Tuseme katika wale 32 wasionawa, 20 walijibu kwamba hapakuwa na sabuni chooni, 7 walikimbia foleni, na 5 walisahau. Hao 20 ni asilimia 62.5. Mawaidha ya usafi, hata yawe mazuri vipi, hayatawasaidia, kwa sababu mtoto hawezi kunawa kwa sabuni isiyokuwepo. Kamati ya namna hii inunue sabuni, iifunge kwa kamba ili isipotee, na iweke kibuyu chirizi cha pili kwa ajili ya foleni. Hao 5 ndio wa kukumbushwa. Kama majibu ya madrasa yenu ni tofauti, na dawa yenu itakuwa tofauti.

Baada ya miezi mitatu ulizeni tena maswali yale yale, kwa maneno yale yale. Hesabuni pia vipande vya sabuni vinavyotumika kwa wiki. Watoto wakisema wananawa na sabuni haipungui, hapo pana jambo la kuchunguza.

Mtoto akiharisha, mpe maji yenye mchanganyiko wa chumvichumvi za ORS, usimnyime chakula, na mkimbize kituo cha afya ukiona damu kwenye choo, macho yamebonyea au amelegea.

Wabillahi tawfiq.