Dari ya Mawingu ya Ngorongoro

Kati ya Karatu na ukingo wa Kreta ya Ngorongoro barabara hupanda kutoka takriban mita 1,500 hadi karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Safari ni fupi, lakini ukishuka garini pale juu utalitafuta koti: kwa wastani joto hupungua nyuzijoto 6.5 kwa kila kilomita ya kupanda. Maharage nayo hukaa motoni muda mrefu, kwa sababu maji huchemka kwenye nyuzijoto 92 hivi badala ya 100. Hewa ndiyo iliyopungua. Aliyesimama ukingoni ameshaacha chini yake karibu robo ya uzito wote wa angahewa.

Tabaka hili la chini kabisa la angahewa, troposfia, ndilo lenye mvua na upepo wetu. Ukishapita lango la Lodoare unaingia msituni, na matawi yamefunikwa na kuvumwani ndefu za kijivu, zinazochuruzika maji hata siku ambayo mvua haikunyesha. Maji hayo yametoka Bahari ya Hindi. Kaskazi na kusi huleta mvuke hadi kwenye mteremko wa mashariki. Hapo hewa hulazimika kupanda, hupoa, na mvuke hugeuka ukungu na mvua. Msitu huyanasa maji hayo, na chemchemi zake huwafaa wakulima wa Karatu. Hewa ikishavuka nyanda za juu za Ngorongoro na kushuka upande wa magharibi, hupata joto na kukauka. Ndiyo maana eneo la Korongo la Olduvai, lililo ng'ambo tu, ni kame.

Kwa nini mvuke usiendelee kupanda mpaka ukapotelea mbali? Jibu huonekana kwa macho alasiri za masika. Tazama wingu la radi likikua upande wa Ziwa Eyasi: linapanda, linavimba, kisha kichwa chake kinakuwa bapa na kutanda pembeni. Limegonga dari. Katika nchi za tropiki dari hiyo iko kilomita 16 hivi juu, kwenye baridi inayokaribia nyuzijoto 80 chini ya sifuri. Juu yake ni stratosfia, ambako joto huongezeka kadiri unavyopanda, kwa kuwa gesi ya ozoni hufyonza mionzi ya urujuanimno. Hewa baridi ni nzito, haiwezi kuipanda ile yenye joto, basi wingu husambaa. Mvuke nao, ukifika kwenye baridi ile, huganda, usipotelee mbali. Hiyo ni sababu kubwa ya Dunia kubaki na bahari zake.

Kinachonistaajabisha zaidi ni asili ya ozoni yenyewe. Hutokana na oksijeni, na oksijeni ilitolewa na viumbe hai: kwanza bakteria wa majini, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, baadaye mimea. Dari hii imejengwa na uhai.

Juu ya stratosfia, kuanzia kilomita 50, ni mesosfia, ambako vimondo vingi huungua. Kile cha Mbozi, mkoani Songwe, ni mojawapo ya vikubwa vilivyofika ardhini. Juu zaidi ni themosfia, yenye hewa hafifu mno.

Ozoni yote iliyo juu yetu, ikishushwa hadi usawa wa bahari, ingekuwa na unene wa milimita 3 hivi, na karibu na ikweta ni pungufu zaidi. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imekuwa ikiipima kwa maputo yanayorushwa Nairobi tangu 1996. Jua likiwa utosini, na hewa ya nyanda za juu ikiwa imepungua, mionzi inayofika ngozini ni mikali. Anayeumia kwanza ni mwenye ualbino. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia pana na mikono mirefu hata siku ya mawingu, maana mionzi hupenya mawingu. Mjini Moshi, katika Hospitali ya KCMC, yamekuwa yakitengenezwa mafuta maalumu ya kuwakinga watu hawa. Natamani kuyaona katika kila zahanati ya Karatu na Ngorongoro, yakitolewa bure.