Tokeni imekataa? Kabla hujamlipa fundi, jua stima yako inapitia wapi

Jumatatu jioni, Novemba 25, 2024. Nashuka matatu hapa Kawangware 46, nimebeba sukuma ya mbao na uchovu wa tao. Nafika ploti, napata majirani wamejazana kwenye korido, tochi za simu zinamulika ukuta. Nikajua tu, leo kuna story.

Stima haikuwa imepotea mtaa mzima. Duka la ng'ambo lilikuwa linawaka na kinyozi alikuwa ameweka mziki kama kawaida. Giza lilikuwa kwa nyumba mbili tu za ploti yetu. Moja ni ya mama mmoja anayeuza maziwa na mala kutoka kwa friji iliyo hapo mlangoni. Saa kumi alikuwa amenunua tokeni ya soo mbili, akabonyeza namba, mita ikakataa. Akarudia, ikakataa. Friji ilikuwa imezima, na ndani kulikuwa na lita ishirini za maziwa ambazo hata hakuwa amemaliza kulipia.

Pembeni alisimama fundi. Alishasema mita "imekufa" na lazima aifungue, bei ni thao moja. Nyumba ya mwisho kwenye korido ilikuwa imemlipa mchana, na kweli stima yao ikarudi. Kwa hivyo unaelewa kwa nini mama alikuwa anahesabu noti.

Sasa nikuulize wewe unayesoma hii kwa simu: ungemwambia alipe?

Nilimwomba anionyeshe meseji ya tokeni. Ndani yake kulikuwa na mafungu matatu ya namba, kila fungu tarakimu 20. Yeye alikuwa anaweka lile la mwisho peke yake, kwa sababu siku zote tokeni huwa fungu moja. Tukaweka la kwanza, mita ikakubali. La pili, ikakubali. La tatu, friji ikanguruma.

Fundi hakuwa amefungua mita ya mtu. Alikuwa amemuuzia jirani yetu namba zilizokuwa tayari kwenye simu ya huyo jirani.

Usinione mjanja. Wiki mbili kabla ya hapo mita yangu ilinikatalia hivyo hivyo. Nililala giza usiku mzima nikilaani kila mtu, asubuhi ndio nikasoma meseji hadi mwisho. Na mimi ndiye niliyekuwa nasomea mambo ya kompyuta chuoni kabla karo initoe mwaka wa pili! Huko tulifundishwa vitu kimoja kimoja: Jumatatu mitandao, Jumanne hifadhidata. Jinsi vyote vinavyoshikana hadi taa iwake Kawangware, hilo nimelisoma hapa mtaani.

SAFARI YA SOO MBILI

Hebu tuifuate hiyo pesa.

Simu yako inaongea na mnara wa mtandao. Mnara unapeleka ombi lako kwa kompyuta za M-Pesa, huduma iliyozinduliwa Kenya Machi 2007. Kwa miaka mingi kompyuta hizo zilikuwa Ujerumani. Ndio, ulikuwa ukimtumia mtu pesa ya chapo hapa Congo, hesabu inafanyiwa Ulaya. Zilihamishiwa Kenya mwaka wa 2015.

M-Pesa inaona paybill 888880 na kujua hiyo ni ya tokeni za Kenya Power. Pale unapoulizwa akaunti, unaandika namba ya mita. Hapo M-Pesa imemaliza kazi yake: inakutumia meseji kwamba umelipa, na inaijulisha kompyuta ya Kenya Power.

Hiyo ni kompyuta nyingine kabisa, ya kampuni nyingine. Inatafuta mita yako, inatoa ushuru na ada, inapiga hesabu pesa iliyobaki ni yuniti ngapi, kisha inatengeneza tarakimu 20 na kukutumia.

Halafu nini? Halafu ni wewe, buda. Mita nyingi za tokeni hazina laini ya simu. Hazina habari kwamba umelipa. Waya kati ya kompyuta ya Kenya Power na mita yako ni vidole vyako. Wewe mwenyewe ni sehemu ya mtambo, na ndiyo sehemu pekee ambayo haikupewa maelezo.

NDANI YA ZILE TARAKIMU 20

Zile namba si za kubahatisha. Ndani yake kumefichwa kiasi cha yuniti, dakika ambayo tokeni ilitolewa, na namba za kuhakikisha hujakosea. Vyote vimefungwa kwa ufunguo wa siri ambao ni wa mita yako peke yake. Ndiyo maana tokeni ya jirani haiingii kwako. Na kwa sababu mita inakumbuka dakika za tokeni ilizokwisha kukubali, huwezi kuweka tokeni moja mara mbili.

Utaratibu huu unaitwa STS. Ulianzia Afrika Kusini na sasa unatumika nchi nyingi. Waliouunda waliamua saa yake ihesabu dakika kuanzia Januari 1, 1993, na wakaipa nafasi ya dakika 16,777,216. Piga hesabu: ni kama miaka 31 na miezi 11. Nafasi hiyo iliisha Novemba 24, 2024, siku moja kabla ya maziwa ya jirani yangu kuanza kupata joto.

Ile saa ikijaa inarudi sufuri, kama ile namba ya kilomita kwenye dashibodi ya matatu kuukuu. Tokeni mpya ingeonekana kwa mita kuwa ya kitambo kuliko zilizotumika, na mita ingeikataa. Dawa yake ilikuwa kubadilisha ufunguo ndani ya kila mita ili hesabu ianze upya kutoka 2014. Na kwa kuwa mita haina laini, ufunguo mpya nao ulibidi upitie kwa vidole vya mwenye nyumba. Yale mafungu mawili ya kwanza kwenye meseji ndiyo yaliyokuwa yanabadilisha ufunguo. La tatu ndilo lilikuwa stima.

Kenya Power ilitangaza mapema. Lakini mama anayeamka saa kumi usiku kupokea maziwa atasikiza tangazo saa ngapi? Na hata akisikia "sasisha mita yako", atajua anaambiwa nini? Wataalamu waliamua jambo miaka ya tisini, na likaja kugonga friji moja hapa 46 baada ya miaka 31.

Hesabu hii mpya nayo itajaa Novemba 2045. Jiulize utakuwa na miaka mingapi, na kama utakuwa bado unapanga.

SHIDA HUKAA KWENYE VIUNGO

Angalia hiyo safari tena. Mnara ulikuwa mzima. M-Pesa ilikuwa nzima. Kompyuta ya Kenya Power ilifanya kazi yake, mita nayo ilifanya kazi yake, na mama alibonyeza namba sawasawa. Kila sehemu ilikuwa sawa, na bado nyumba ilikuwa giza. Shida ilikuwa pale sehemu moja inapokabidhi nyingine kazi.

Ukipanda matatu unaliona hili kila siku. Makanga akigonga bodi, dere hageuki kuuliza kuna nini. Wamekubaliana ule mlio unamaanisha nini. Siku akiletwa makanga mpya anayegonga kwa mtindo wake, gari ni lile lile, dere ni yule yule, lakini utapitishwa stage yako hadi uchoke.

Usidhani ni sisi wa ploti tu. Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, na hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Jenereta za dharura zilikuwepo. Moja ikakataa kuwaka. Kuwa na kifaa ni jambo moja, na kifaa kuitika wakati kinaitwa ni jambo lingine.

UKIKWAMA, ANZIA HAPA

Chungulia nje kwanza. Kama jirani pia yuko giza, tokeni yako haina kosa. Kama ni wewe peke yako, endelea.

Jua mita yako iko wapi. Kile kidude cha kubonyeza kilicho ukutani mara nyingi si mita. Mita iko nje, kwenye sanduku au juu ya nguzo. Kidude kikiwa kimezima, huenda ni betri zake tu zimeisha.

Tafuta nani alijibu mwisho. Meseji ya M-Pesa imekuja lakini ya tokeni haijafika? Basi pesa imetoka, na mkwamo uko kati ya kompyuta mbili. Usilipe tena kwa hasira. Piga *977# uulizie tokeni yako. Kama hata ya M-Pesa haijaja, angalia salio kabla ya kujaribu tena.

Linganisha namba ya mita iliyo kwenye meseji na ile ya mita yenyewe. Ukikosea tarakimu moja, unaweza kuwa umemnunulia mtu usiyemjua stima.

Uliza keateka kama mita yako ni ya Kenya Power au ni ndogo ya mwenye ploti. Kama ni ya mwenye ploti, Kenya Power hawaijui, na utapigia simu watu wasiokuhusu hadi kuche.

Na kama mita imekataa tokeni, hesabu mafungu ya namba. Yote. Kutoka juu.

Najua kuna msomaji anayesema, "Mimi natumia sambaza, hizo zote hazinihusu." Wako wengi, Kibera na hata huku kwetu. Lakini fikiria: sambaza nayo ina sehemu zake, ila huna meseji, huna namba, huna mahali pa kuuliza. Una namba ya simu ya jamaa mmoja tu. Waya ukishika moto usiku, yeye asiposhika simu, umefika mwisho wa safari. Na watu wamepoteza nyumba, hata maisha, kwa waya hizo.

Sina chuki na yule fundi. Alijua kitu ambacho sisi hatukujua, akakiuza. Siku hizi mama wa maziwa ndiye anayesomea ploti nzima meseji za tokeni, na halipishi mtu. Usiku ule alinipa pakiti ya mala.

Kesho yake jirani wa nyumba ya mwisho alinifuata kwenye bomba la maji. Alitaka kujua kama ile thao yake inaweza kurudi. Alikuwa ameitoa kwa pesa ya rent. Hapo sikuwa na la kumwambia.