Ushawishi, Rushwa na Amri Mbili

Makala hii inakusudia kuwasaidia wachungaji na wanafunzi wa theolojia kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi katika mazungumzo yetu, yaani ushawishi na rushwa. Kampuni za kigeni zinazotaka kuiuzia serikali vifaa vya kijeshi huwa na mawakala wa kuzisemea kwa wakubwa. Kusemea peke yake si dhambi. Kanisa nalo hubisha hodi serikalini kwa ajili ya shule na hospitali zake. Basi mpaka uko wapi?

Tuchukue mfano wa rada. Mwaka 1999 serikali ya Tanzania ilifanya mkataba na kampuni ya Uingereza, ambayo sasa ni BAE Systems, wa kununua rada ya kuongozea ndege kwa pauni milioni 28 hivi. Benki ya Dunia iliona kuwa bei ni kubwa mno. Hata ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza, Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa, aliipinga biashara hiyo. Hata hivyo, Desemba 2001 serikali yake ilitoa kibali.

Kampuni ilikuwa na wakala aliyelipwa kwa njia mbili. Mkataba wa kawaida ulitoa kiasi kisichozidi asilimia 1 ya bei. Mkataba wa siri, uliopitishwa katika kampuni zilizoandikishwa ng'ambo, ulitoa asilimia 30 hivi. Kati ya mwaka 2000 na 2005 malipo yalifika dola milioni 12.4 hivi. Tukumbuke kwamba kamisheni ya namna hii hutiwa ndani ya bei; alipaye ni mnunuzi, yaani mwananchi.

Desemba 2010, mahakamani London, kampuni ilikiri kosa la kutotunza hesabu ipasavyo, ikatozwa faini ya pauni 500,000. Haikushtakiwa kwa rushwa. Jaji alieleza kwamba ni ujinga mkubwa kumdhania wakala huyo kuwa mshawishi tu aliyelipwa vizuri, lakini akasema hawezi kuadhibu kosa ambalo halikushtakiwa. Kampuni pia ilitoa pauni milioni 29.5, zikatumika kununua vitabu na madawati ya shule.

Hapa mhubiri anakutana na amri mbili kwa pamoja. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, akieleza amri ya saba, Luther anafundisha kwamba wezi wakubwa hawavunji milango, bali huketi vitini na kuheshimiwa. Lakini katika amri ya nane anatukataza kumhukumu jirani hadharani kwa jambo lisilothibitishwa, ingawa dhambi iliyo wazi kwa wote yaweza kukemewa wazi. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kutaja mimbarani kwamba fulani alipokea, maana mahakama ile haikusema hivyo. Tunayo ruhusa, tena wajibu, wa kukemea siri yenyewe.

Huo ndio mpaka tuliokuwa tukiutafuta. Ushawishi ulio halali waweza kusemwa mbele ya wote, pamoja na jina la msemaji na malipo yake. Neno linalohitaji kampuni ya ng'ambo ili lisikike si ushawishi tena. Na kipimo hiki tukitumie kwanza kwetu sisi, kila tunapobisha hodi serikalini.