Karatasi ya Makonge: Gharama ni Agosti, Malipo ni Desemba

Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, maduka mengi yamehamia karatasi. Kitui na Makueni, malighafi ya karatasi nzuri ya kufungia zawadi iko pale kwenye ua wa boma: makonge. Kwenye kila kilo 100 za majani, nyuzi ni kilo 4 hivi, na ndefu ndizo zinazouzwa. Zile fupi, pamoja na vipande vinavyokatwa mtu akimaliza kusuka kiondo, zinafaa karatasi.

Unazikata ndogo, unaziloweka usiku kucha, kisha unazichemsha na magadi saa kadhaa mpaka zilainike. Suuza, twanga kwenye kinu, mimina kwenye karai la maji, halafu uchote kwa fremu yenye wavu. Tabaka jembamba linalobaki juu ya wavu ndilo karatasi. Libandike kwenye kitambaa, likamue, lianike. Makonge matupu hutoa karatasi ngumu, inakataa kukunjwa kwenye kona za boksi, kwa hivyo changanya na karatasi kuukuu za ofisini. Maji ndiyo shida, lakini hilo mtu wa Ukambani hahitaji kuambiwa. Yale ya kusuuzia mara ya mwisho yaweke, yaloweke nyuzi za kesho.

Sasa pesa. Mvua ya Novemba ikishika, karatasi haikauki vizuri, basi kazi ni ya Agosti hadi Oktoba. Mteja wa Krismasi naye analipa Desemba. Hapo katikati magadi na kuni unanunua na nini? Ukikimbilia mkopo wa simu, riba itakula faida kabla mzigo haujatoka Kibwezi. Afadhali mteja anapoagiza alipe kiasi, hata theluthi moja, na alipe kwa Till, si kwa namba yako ya kawaida. Pesa ya karatasi haitachanganyika na ya unga, na chama kikitaka rekodi, taarifa ya malipo iko.

Baki ilipwe kabla gunia halijapanda basi la Nairobi. Ukionyeshwa SMS ya malipo kwenye simu ya mteja, usiachilie mzigo. Angalia salio lako mwenyewe kwanza, hata kama dereva anapiga honi.