Minara Minne: Uhamiaji, Dini na Kura ya Maoni ya Uswisi ya 2009

Tarehe 29 Novemba 2009, wapigakura wa Uswisi waliidhinisha kwa asilimia 57.5 marufuku ya kujenga minara ya misikiti, nayo ikaingizwa katika ibara ya 72 ya katiba. Serikali na bunge vilikuwa vimewashauri wananchi waikatae. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na minara minne tu, na hakuna hata mmoja uliotumika kutolea adhana. Kilichopigiwa kura, basi, hakikuwa kero ya kelele bali taswira ya mgeni. Na wageni wengi, kwa kukosa uraia, hawakuwa na kura.

Mgawanyo wa kura unadhihirisha hayo. Geneva, jimbo lenye wahamiaji wengi na mnara wake, lilikataa. Appenzell Innerrhoden, jimbo dogo la mashambani lisilo na mnara, liliafiki kwa zaidi ya asilimia 70. Hata hivyo, isidhaniwe kuwa ujirani pekee huondoa hofu. Mgogoro ulichochewa Wangen bei Olten, ambako majirani walipinga mnara wa mita sita ulioombwa na chama cha Waturuki, hadi shauri likafika mahakama ya juu. Mnara huo ulijengwa, na ungalipo.