Nafaqa ya Wazazi Wazee: Nyumbani, kwa Msaidizi au Kwenye Makazi ya Wazee?

 

Ndugu msomaji, tuchukue mfano wa familia isiyo na jina, lakini ambayo kila mwenyeji wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa ataitambua. Mama ana umri unaopita miaka themanini, mjane, anaishi kijijini karibu na Liuli. Ana watoto wanne: mmoja yuko Dar es Salaam, wa pili Songea, binti ameolewa Mbinga mjini, na kitinda mimba amebaki kijijini akivua samaki na kulima muhogo. Mama ameanguka na kuvunjika nyonga. Hawezi kwenda msalani peke yake, na siku nyingine humwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe. Anayemwogesha na kumgeuza kitandani ni mke wa yule kitinda mimba. Wa Dar es Salaam hutuma fedha kwa simu pale anapokumbuka. Siku wanapokutana, mmoja wao anatamka neno lililokuwa likiogopwa: "Kwa nini tusimpeleke kwenye nyumba ya wazee?"

Hapo ugomvi huanza. Mmoja husema hiyo ni laana, mwingine husema laana ni kumwacha mama alale na vidonda. Je, Sheria inasemaje?

WAJIBU NI WA NANI?

Katika Suratul Israa, aya ya 23 na 24, Mwenyezi Mungu ameunganisha amri ya kumwabudu Yeye peke yake na amri ya kuwatendea wema wazazi, na akataja hasa wakati wanapofikia uzee. Imepokewa pia katika Hadithi sahihi kwamba mtu alimjia Mtume (s.a.w.) akitaka ruhusa ya kwenda jihadi, akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Aliposema ndiyo, akaelekezwa arudi akafanye jitihada yake kwao.

Wanachuoni wameugawa wajibu huu sehemu mbili. Ya kwanza ni birri, yaani wema: maneno laini, kuwatembelea, kuwasikiliza, kuwavumilia. Ya pili ni nafaqa, yaani matumizi: chakula, mavazi, makazi na dawa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, nafaqa ya mzazi fukara ni wajibu kwa mtoto mwenye ziada baada ya kujitosheleza yeye na mkewe kwa mchana na usiku wake. Haikuwekewa kiwango maalumu. Kipimo chake ni kifaya, yaani kinachomtosha mhitaji. Na mzazi akiwa hajiwezi kwa uzee au maradhi, basi matumizi ya mtu wa kumhudumia huingia humo humo.

Kutokana na msingi huu yanapatikana mambo manne ambayo familia nyingi huyakosea.

Kwanza, wajibu huu si wa watoto wa kiume peke yao. Binti mwenye uwezo naye anawajibika. Wanachuoni wametofautiana kama mtoto wa kiume na wa kike watatoa sawasawa au kwa uwiano wa mirathi yao, lakini hakuna anayetoka kapa.

Pili, kumhudumia mama mkwe si wajibu wa mke wa mtoto. Akifanya, ni hisani yake na ana malipo makubwa kwa Mola wake. Kwa hiyo, katika mfano wetu, watoto wanne wamekaa wakijadili mzigo ambao kisheria ni wao, ilhali anayeubeba ni mtu wa tano ambaye hata kikaoni hakuitwa.

Tatu, mzazi akiwa na mali yake, hutunzwa kwanza kwa mali yake. Lakini mali hiyo ni yake mpaka siku ya kufa kwake. Shamba la kahawa la baba kule Umatengo haliuzwi na watoto kwa kisingizio cha matunzo bila idhini yake. Na ikiwa akili yake imeondoka, haliuzwi ila kupitia usimamizi unaotambulika, tena kwa maslahi yake yeye, si ya warithi wanaosubiri.

Nne, zaka haitumiki kukwepea nafaqa. Mtu ambaye nafaqa ya mama yake imemwajibikia hawezi kumpa zaka yake katika fungu la mafukara kisha akahesabu kuwa ametimiza yote mawili. Ama mzee asiye na mtoto wala jamaa wa kumtazama, huyo ni miongoni mwa watu wa mwanzo wanaostahiki zaka za mji wake.

NAFAQA ILIYOPITA HAIDAIWI

Hapa ipo hukumu ambayo inafaa kila mtoto aliye mbali na wazazi wake aijue. Nafaqa ya mke isipotolewa hubaki kuwa deni juu ya mume. Nafaqa ya mzazi sivyo. Siku ikipita bila kutolewa, huanguka na haiwi deni, isipokuwa pale kadhi anaporuhusu ikopwe kwa dhima ya anayewajibika. Sababu yake ni kwamba imewekwa kuziba haja ya siku ile, na siku ile imekwisha kupita.

Baadhi ya watu wakisikia hivi hufurahi. Wamekosea sana. Kuanguka kwa deni si kuanguka kwa dhambi. Deni hulipwa hata baada ya kufa, lakini usiku ambao mama alilala na njaa hauwezi kulipwa kwa sanda ya bei kubwa wala kwa khitma ya ng'ombe wawili. Kilichobaki kwa aliyeuacha ni toba, na kumwomba radhi mama angali hai.

Hukumu hii inamgusa pia kitinda mimba wa Liuli. Akitumia mali yake kwa miaka mitano bila makubaliano, huhesabiwa amejitolea, na hana cha kuwadai ndugu zake wakati wa kugawa mirathi. Mirathi nayo haigawiwi kwa kuangalia nani alimuuguza marehemu. Kwa hiyo ni vyema ndugu waandikiane mapema: nani atatoa kiasi gani, tarehe ipi, na anayekaa na mzee atarejeshewa nini. Kwa kuwa Tanzania Bara kadhi hana mahakama ya dola ya kulazimisha jambo hili, maandishi mbele ya mashahidi na sheikh wa mahali ndiyo kinga yao.

MAKAZI YA WAZEE KATIKA HISTORIA YA UISLAMU

Wapo wanaodai kwamba nyumba ya kutunzia wazee ni uzushi wa Ulaya. Historia haiafiki. Abu Yusuf katika Kitabul Kharaj amesimulia kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba mlangoni, akamchukua hadi nyumbani kwake akampa kitu, kisha akaagiza Baytul Mal imtazame yeye na mfano wake, na jizya iondolewe juu yao.

Mjini Cairo, Sultani Qalawun alijenga bimaristani mwaka 683 H (1284) na kuiwekea wakfu uliohudumia wanaume na wanawake, matajiri na mafukara. Mwaka uliofuata, katika mji huo huo, ilianzishwa Ribat al-Baghdadiyya kwa wakfu wa binti wa Sultani Baybars. Mwanahistoria Maqrizi ameeleza kwamba humo walikaa wanawake wajane na walioachwa, chini ya uangalizi wa mwanamke mwanachuoni. Na mjini Istanbul, Sultani Abdulhamid II alifungua Darülaceze, nyumba ya wasiojiweza, mwaka 1896, ndani yake mkiwa na msikiti, kanisa na sinagogi.

Lakini tazama vizuri: nyumba hizi zilikusudiwa mgonjwa, mjane na asiye na wa kumtazama. Hazikujengwa ili mwenye watoto wenye uwezo aondolewe mbele ya macho yao.

HALI HALISI YA MBINGA NA NYASA

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, ikaiweka familia kuwa mtunzaji wa kwanza na makazi ya wazee kuwa hatua ya mwisho. Ndiyo maana makazi ya serikali, kama Ngehe mkoani Ruvuma, Nunge Dar es Salaam na Fungafunga Morogoro, yamekusudiwa wasio na ndugu wala uwezo, na mzee hupelekwa kupitia ofisi ya ustawi wa jamii. Zanzibar kuna Sebleni na Welezo, na tangu mwaka 2016 serikali huko ilianza kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi.

Kwa hiyo familia yetu ya Liuli, yenye watoto wanne hai, kwa hakika haina mlango huo. Ikimpeleka mama kwa kuficha kuwa ana watoto, itakuwa imesema uongo na kuchukua kitanda cha mkiwa. Njia zake ni tatu: abaki nyumbani na msaidizi wa kulipwa, ahamie kwa mmoja wa watoto, au awekwe kwenye nyumba binafsi ya kulipia, ambazo ni chache na nyingi ziko mbali.

Kuhama nako kuna mitihani yake. Mzee aliyezoea joto la ziwa, dagaa na ugali wa muhogo, ukimpeleka kwenye baridi ya milima ya Mbinga au chumba cha kupanga Dar es Salaam ambako hajui jirani hata mmoja, huenda akanyong'onyea. Tena aliyepungukiwa na kumbukumbu huchanganyikiwa zaidi mahali pageni. Kwa upande mwingine, barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imempunguzia udhuru binti wa Mbinga.

VIPIMO VYA KUPIMA MATUNZO

Iwe ni msaidizi, ndugu au nyumba ya kulipia, familia ipime kwa mambo haya:

1. Ridhaa. Mzee mwenye akili timamu aulizwe, na jibu lake liheshimiwe. Kumhamisha kwa hila ni katika kuwaudhi wazazi kulikokatazwa.

2. Kifaya. Usiulize "Mama hajambo?" na kuridhika. Mwangalie mgongo, makalio na visigino kama kuna vidonda vya kulalia upande mmoja. Angalia midomo kama imekauka kwa kiu, kucha, na shuka. Fika bila kutoa taarifa, tena wakati wa chakula.

3. Sitara. Mwanamke aogeshwe na mwanamke na mwanamume na mwanamume, isipokuwa kwa dharura. Mlango ufungwe.

4. Ibada. Je, anasaidiwa kutawadha au kutayamamu, na kuelekezwa kibla, ambacho huku ni kaskazini? Asiyezuia mkojo ana hukumu ya mwenye udhuru: hujisafisha na kutawadha baada ya wakati kuingia, kisha huswali. Asiyeweza kufunga kwa uzee hutolewa kibaba kwa kila siku. Aliyeondokewa na akili hana lawama.

5. Mhudumu asiye Muislamu. Inafaa, maadamu ni mwaminifu, chakula ni halali na mzee halazimishwi dini. Mtume (s.a.w.) katika Hijra alimwajiri kiongozi wa njia, Abdullah bin Urayqit, ambaye hakuwa Muislamu. Kwenye maeneo haya ambako hospitali kama ya Liuli na ya Litembo zimetokana na misheni, jambo hili si geni.

6. Mauti. Iandikwe nani ataitwa, nani ataosha na wapi atazikwa.

Waislamu wenzetu wanaoishi Uingereza wana msaada zaidi hapa: tume ya ukaguzi huko hutangaza hadharani daraja la kila nyumba ya wazee. Sisi mkaguzi wetu ni mtoto mwenyewe. Asipofika, hakuna aliyekagua.

HITIMISHO

Kumweka mzazi chini ya uangalizi wa mtu mwingine si haramu kwa dhati yake. Nafaqa inaweza kutolewa kwa mkono wa mwakilishi. Birri haina mwakilishi. Anayelipa msaidizi na asifike ametimiza nusu, na anayefika mikono mitupu ilhali ana uwezo naye ametimiza nusu.

Basi familia ile ya Liuli ianze hivi: imwite kikaoni yule mke, imshukuru, imuulize anahitaji nini. Iajiri mwanamke wa kijijini wa kumsaidia, kwa mshahara uliogawanywa kwa wanne na kuandikwa. Kisha kila mmoja aandike tarehe yake ya kufika.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Wallahu a'lam.