Rin Tin Tin: Mbwa yatima wa vita aliyetikisa Hollywood

WANAJESHI wengi wa Marekani walirejea kwao kutoka Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wakiwa na begi na makovu. Koplo Lee Duncan yeye alipanda meli na mzigo wa ziada: watoto wawili wa mbwa.

Aliwaokota Septemba 1918 katika kijiji cha Flirey, mashariki mwa Ufaransa. Banda la mbwa wa jeshi la Ujerumani lilikuwa limepigwa mabomu, na humo alimkuta mama na wanawe watano wachanga. Duncan alibaki na wawili, akawapa majina ya vidoli ambavyo Wafaransa waliwapa askari kwa ajili ya bahati: Rin Tin Tin na Nanette.

Kuwavusha bahari haikuwa kazi rahisi, lakini Duncan hakukubali kuwaacha. Utotoni naye aliwahi kuachwa katika kituo cha watoto yatima, mama yake aliposhindwa kumlea. Bahati mbaya, Nanette aliugua nimonia akafa muda mfupi baada ya kufika Marekani.

Rin Tin Tin alipona na kukua. Mwaka 1922 aliigiza katika filamu ya The Man from Hell's River, na mwaka uliofuata akang'ara katika Where the North Begins ya kampuni ya Warner Bros. Watu walijazana kumtazama akiruka kuta na kupambana na majambazi.

Filamu za wakati ule hazikuwa na sauti. Hivyo Duncan aliweza kusimama pembeni ya kamera na kumwelekeza mbwa wake kwa maneno na ishara. Kwa sababu hiyohiyo filamu zilivuka mipaka bila shida: kilichohitaji kubadilishwa ni maandishi tu, kwani mbwa hana lugha ya kigeni.

Sauti ilipoingia, mambo yaligeuka. Studio zilitaka waigizaji wanaozungumza, na mkataba wa Rin Tin Tin na Warner Bros. ukafikia kikomo. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 nao ukamkausha Duncan mifuko.

Agosti 10, 1932, mbwa huyo alikufa nyumbani Los Angeles, akazikwa uani. Baadaye Duncan, ambaye hali yake ilikuwa ngumu, aliuza nyumba hiyo. Hata hivyo hakumwacha rafiki yake katika ua wa watu wengine. Alipanga mabaki yake yarejeshwe Ufaransa, nchi aliyozaliwa.

Leo kaburi lake lipo katika makaburi ya wanyama ya Asnières-sur-Seine, karibu na Paris. Jina lake liliendelea kutumiwa na mbwa wengine, likiwamo katika tamthilia ya televisheni ya mwaka 1954 hadi 1959. Duncan alifariki mwaka 1960.

Ni kisa kinachofaa kutazamwa na familia nzima sebuleni. Na yeyote aliyewahi kufunga virago kurudi kwao atamwelewa Duncan: fedha zilikuwa zimekwisha, lakini safari ya kumrudisha mwenzake haikuahirishwa.